Kabini Kuukuu, Chasisi Mpya

Katika magereji ya uani huko Marekani, hasa kwenye majimbo ya mashamba makubwa ya katikati ya nchi, kuna kazi moja ambayo wapenzi wa magari ya kale hawaishi kuibishania. Fundi huchukua kabini ya pikapu ya Chevrolet iliyoundwa kati ya 1947 na mwanzoni mwa 1955, ile yenye boneti ya kuvimba na madigadi ya mviringo, akaitoa kwenye chasisi yake iliyoliwa na kutu na kuikalisha juu ya chasisi ya Chevrolet S-10, pikapu ndogo iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 2004. Likipita barabarani unaona gari la enzi za babu, linalofunga breki na kukata kona kama la mjukuu. Kuna wanaolisifia sura na kuna wanaolisifia mwendo. Mimi nasifia pale bodi na chasisi zinapokutana, kwa sababu hapo hakuna kitabu cha kiwanda wala mhandisi aliyewahi kupiga hesabu, na kila sentimita inamsubiri mtu aamue.

Anayeona kazi hii kuwa ni uhuni wa kuchanganya visivyochanganyika amesahau gari lilivyoanza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce haikuwa ikiuza gari zima. Mteja alinunua chasisi yenye injini, giaboksi na ekseli, kisha akaipeleka kwa wajenzi wa mabodi kama Barker, Hooper au Park Ward wamjengee pa kukaa. Ford nayo tangu 1917 iliuza chasisi ya lori la Model TT, na mnunuzi aliweza kujijengea juu yake alichokitaka. Kwetu desturi hii haijafa. Mabasi mengi ya Kenya na Tanzania huanza maisha kama chasisi tupu ya Isuzu au Scania, bodi ikajengwa hapa hapa, na Unguja mafundi walijenga mabodi ya mbao juu ya malori ya Bedford yakabeba abiria miaka na miaka. Kilichobadilisha mambo kwa magari madogo ni wazo la kuifanya bodi yenyewe ibebe uzito wote, lililoonekana kwenye Lancia Lambda ya 1922 na kuenea baada ya Citroën Traction Avant ya 1934. Leo saluni karibu zote hazina chasisi ya kutenganisha. Ford Crown Victoria, mojawapo ya saluni za mwisho za Marekani kuwa nayo, ilikoma 2011. Kwa hiyo anayetaka chasisi ya kisasa ya kupandishia bodi ya kale hana budi kwenda kwa pikapu. Huko ndiko utaratibu wa zamani ulikobaki.

Cha uvunguni hufuatwa kwa kuinama, basi na tuiname. Pikapu ya nusu tani ya miaka ile ilikuwa na inchi 116 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. S-10 yenye kitanda kirefu, yaani sehemu ya mizigo, ina karibu inchi 118, na ile ya kitanda kifupi ina 108 na kitu. Ukichagua iliyo karibu zaidi unabaki na tofauti ya inchi mbili, yaani kama sentimita tano, na sentimita tano hizo zina makuu yake. Digadi ya kale ni duara, na jicho la mtu, hata asiyejua gari, hugundua mara moja tairi lisilokaa katikati ya duara lake. Fundi huanza na gurudumu la mbele, kwa kuwa digadi ya mbele imeshikamana na boneti na boneti imeshikamana na kabini. Hapo mbele hakuna cha kujadiliana. Deni lote linahamia nyuma. Anaweza kusogeza kitanda, na hapo mwanya kati ya kitanda na kabini unaachama. Anaweza kuhamisha ekseli kwenye springi zake. Anaweza pia kuikata chasisi na kuifupisha, kazi ambayo mchomeleaji mwenye akili huifikiria mara mbili. Na vipimo vyote hivi havifai kitu ikiwa gari halijasimama kwa uzito wake wote, injini ikiwa mahali pake, maana chasisi tupu huinuliwa na springi na kila kipimo kinachochukuliwa wakati huo ni uongo. Ndipo timazi inaning'inizwa usawa wa katikati ya ekseli, chaki inapigwa sakafuni, na pimamaji inalazwa juu ya reli za chasisi. Kabla ya hapo kabini yenyewe imefungwa mabomba ya kukatiza uwazi wa milango, kwa sababu kabini iliyooza sakafu ikinyanyuliwa bila kushikwa hujipinda, na milango yake haitafunga tena vizuri.

Kisha yanakuja makalio, yaani mahali kabini inapokalia chasisi. Reli za chasisi ya kale zilikuwa karibu kunyooka, ilhali za S-10 zinapanda juu ya ekseli na kushuka chini ya dereva, hivyo kila kona ya kabini inahitaji mguu wake wa bamba la chuma wenye kimo chake. Kati ya mguu na kabini unawekwa mpira, na mpira huo si pambo. Chasisi ya lori imeumbwa ijisokote kidogo inapopita kwenye mashimo. Kabini iliyochomelewa moja kwa moja kwenye reli husokotwa pamoja nayo, pembe za milango zikaanza kupasuka na kioo cha mbele kikafuata. Chevrolet yenyewe miaka ile ilitangaza kwa fahari kwamba kabini zake zimekalishwa juu ya mipira, kwa hiyo fundi wa leo harembi. Anarudisha ambacho kiwanda kilikijua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa pedali ya breki. Kwenye gari la kale masta silinda ilifungwa chini ya sakafu na pedali ikachomoza kupitia sakafuni. Kwenye S-10 vyote vinaning'inia kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, pamoja na pipa la kusaidia breki. Ukuta wa kabini ya 1950 ni bati jembamba ambalo halikutarajiwa kubeba nguvu ya mguu. Fundi asiyejali hutoboa matundu manne, akakaza nati na kuondoka. Breki itashika, lakini kila unapokanyaga bati litabonyea kwanza ndipo mafuta yasukumwe, na mguu utahisi ulaini ambao hakuna kutoa hewa kwenye mabomba kutakakouondoa. Fundi anayejali huchomelea bamba nyuma ya bati, akalifunga kwa mkono wa chuma hadi chini ya dashibodi. Rangi ikipigwa, bamba halionekani tena na hakuna anayelipiga picha. Usukani nao una hadithi kama hiyo: shafti yake lazima ikatize kwa jointi mbili kutoka mahali pa kale pa dereva hadi mahali papya pa stelingi boksi, na pembe zikizidi, usukani unakuwa mzito na mwepesi kwa zamu unapozungushwa. Kazi hizi hupimwa kwa mguu na mkono, na hapo ndipo naona heshima ya ufundi huu ilipo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa mafundi wenyewe, na ni zito. Wazoefu wengi wanasema kwa fedha na muda ule ule ungebaki na chasisi ya asili, ukaipachika kiunzi cha mbele kilichotengenezwa tayari kwa mtindo wa Ford Mustang II ya miaka ya 1970, na makalio yote ya kabini yakabaki kama yalivyo. Wana haki. Aliyenunua S-10 akidhani kabini itashuka juu yake kama sufuria juu ya mafiga atajikuta na vyuma vilivyotawanyika uani, kisha atauza vyote kwa hasara. Kwa hiyo sifa zangu si za urahisi, wala sitaki kusifia ugumu kwa ajili ya ugumu. Nasema tu kwamba pale kabini nzuri ilipobaki bila chasisi ya kuaminika, S-10 inaleta breki, ekseli, tangi na stelingi zilizokwisha kufanya kazi pamoja maelfu ya kilomita, na kumwachia fundi swali moja tu: viunganishwe vipi. Swali hilo moja linamlazimisha kuelewa fikra za wahandisi wa vizazi viwili, na wale wa kwanza hawapo tena wa kuulizwa.

Wahifadhi wa magari nao hulalamika kwamba historia inaharibiwa. Kama gari limekamilika na chasisi yake ni nzima, niko upande wao. Kulikata ni ufujaji. Lakini Chevrolet ziliuzwa sana miaka ile, na nyingi zilizobaki ni maganda yaliyotupwa nyuma ya maghala ya nafaka. Wengine wanaona udanganyifu: gari linajifanya la 1950. Hapa sheria inasema jambo la kushangaza. Kwa miaka mingi Uingereza ilitumia pointi kuamua kama gari lililobadilishwa sana libaki na namba yake ya zamani. Zilihitajika 8, chasisi pekee ilibeba 5, injini 1, na bodi iliyotenganishwa na chasisi haikupewa hata moja. Kadi zetu za usajili pia hulitambua gari kwa namba ya chasisi. Macho yanasema gari ni bodi, makaratasi yanasema ni chasisi. Udanganyifu unaanza pale mtu anapohamisha kibati cha namba ili makaratasi yaseme yanachosema macho, na sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kung'oa au kubadili namba hizo kwa makusudi. Aliyeandikisha gari lake kama lilivyo hajamdanganya mtu.

Usalama ndio unaonipa shida zaidi. Ni kweli kwamba gari la 1950 lilikuwa na mkondo mmoja wa mafuta ya breki, tundu moja likikuacha bila breki hata kidogo, na kwamba Marekani ililazimisha mikondo miwili kwa magari madogo ya abiria mwaka 1968. Ni kweli pia kwamba matoleo mengi ya pikapu ile yalikuwa na tangi la petroli ndani ya kabini, nyuma ya kiti cha dereva, nalo kwenye chasisi ya S-10 hurudi nje kwenye reli. Lakini kabini yenyewe haikuundwa kunyonya kishindo cha ajali, na mchomo mbovu uliofunikwa kwa puti hauonekani mpaka umechelewa. Uingereza magari ya namna hii huweza kutakiwa kupita kwenye ukaguzi wa gari moja moja. Marekani kila jimbo lina lake, na mengine yanaangalia kidogo sana. Nadhani wanaoupenda ufundi huu ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kudai ukaguzi, maana mkaguzi anayelala chini ya gari na tochi ndiye pekee atakayeliona lile bamba la nyuma ya pedali.

S-10 zenyewe sasa zinazeeka, na pikapu zilizofuata zimejaa kompyuta zinazozungumza na breki, injini na dashibodi, hivyo ukiitenga chasisi na kabini yake inagoma. Hata hivyo pikapu ya umeme ya Ford, F-150 Lightning ya 2022, bado ina reli mbili za chuma chini yake. Betri imelazwa kati ya reli hizo, chini kabisa ya miguu ya dereva. Atakayetaka kuikalishia kabini ya 1950 atalazimika kwanza kuamua sakafu ya kale ipande kiasi gani, na kama dereva atakuwa bado na nafasi ya kichwa.