Kungojea kama Uhakiki: Matarajio ya Mashabiki kabla ya Tamthilia ya Beyond the Gates (2024-2025)

0. Utangulizi

Tarehe 24 Februari 2025, shirika la televisheni la CBS nchini Marekani lilianza kuonyesha Beyond the Gates, tamthilia mpya ya mfululizo ya mchana, ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa "Ng'ambo ya Malango". Tangu NBC ilipozindua Passions mwezi Julai 1999, hakuna shirika kubwa la televisheni nchini humo lililokuwa limethubutu kuanzisha tamthilia ya aina hii. Kati ya tangazo la kwanza, Machi 2024, na siku ya uzinduzi ilipita miezi kumi na mmoja hivi. Katika muda huo hapakuwa na kazi ya kutazamwa. Hata hivyo, mashabiki walikuwa wamekwisha kuijadili, kuitetea na kuitilia shaka.

Kwa kawaida uhakiki hauna la kusema juu ya kipindi kama hicho. Huchukuliwa kwamba kazi ya sanaa huanza pale inapotolewa, na kwamba yote yanayotangulia ni shughuli ya wafanyabiashara na watangazaji. Makala haya yanashikilia wazo jingine: kungojea kwa mashabiki kulikuwa tayari ni aina ya uhakiki, nako kulikuwa na vigezo vyake. Kigezo kikuu hakikuwa uzuri wa waigizaji wala fahari ya mandhari, bali muda. Walichouliza kwanza ni kama hadithi hiyo ingeachwa iendelee. Kigezo hicho kikishafahamika, tamthilia yenyewe yaweza kupimwa kwacho.

1. Utanzu unaoishi kwa ahadi

Inafaa kukumbusha asili ya utanzu huu. Mwaka 1930, katika redio ya WGN mjini Chicago, mwandishi Irna Phillips alianza kutoa Painted Dreams, mchezo ambao wanahistoria wengi huuhesabu kuwa wa kwanza wa aina yake. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ikagharimia Ma Perkins ili kuuza sabuni yake ya Oxydol. Kutokana na wafadhili wa namna hiyo, Wamarekani waliupa utanzu huu jina la dhihaka la "opera ya sabuni", na jina hilo likaendelea kutumika hata pale dhihaka ilipopungua.

Muundo wa utanzu huu ulilingana na maisha ya wasikilizaji wake wa kwanza, yaani wanawake waliokuwa nyumbani wakifua, wakipika na kulea. Hadithi ilipaswa kwenda polepole, kurudia jambo zaidi ya mara moja na kukatika mahali penye wasiwasi, ili aliyeondoka jikoni kwa dakika chache asipotee, na aliyesikiliza leo arudi kesho. Televisheni iliurithi muundo huo. Tamthilia ya mchana hutoka siku tano kwa juma, yaani sehemu zaidi ya 200 kwa mwaka. Riwaya humngojesha msomaji hadi ukurasa wa mwisho, lakini tamthilia ya mchana haina ukurasa wa mwisho, kwani imetungwa ili isiishe. Kwa hiyo kungojea si jambo la pembeni katika utanzu huu, bali ndiko kunakouumba.

Hapa desturi ya usimulizi wa Kiswahili inaweza kumsaidia mhakiki. Fanani wa ngano katika pwani ya Afrika Mashariki haanzi kabla ya kuitikiwa. Asemapo "Paukwa!", hungoja "Pakawa!", na pasipo itikio hakuna hadithi. Itikio hilo si sifa, kwa maana hadithi bado haijasikika. Ni idhini: wasikilizaji wanakubali kutoa muda wao, naye msimulizi anafungwa na wajibu wa kuwafikisha mwisho wa safari. Miezi ya kungojea Beyond the Gates yaweza kueleweka hivyo. Mashabiki waliitikia, lakini safari hii waliitikia kwa sharti.

2. Watazamaji waliokwisha kuumwa

Sharti hilo lilikuwa na historia. Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937 na kuingia televisheni mwaka 1952, ilifikia mwisho Septemba 2009, baada ya miaka 72. As the World Turns, ya tangu 1956, ilifuata Septemba 2010. ABC ilikomesha All My Children mwaka 2011 na One Life to Live Januari 2012. Mwaka 2022 NBC iliiondoa Days of Our Lives katika matangazo yake ya kawaida na kuihamishia Peacock, huduma yake ya kulipia. Kwenye mashirika makubwa zikabaki tatu tu: General Hospital ya ABC, na mbili za CBS, yaani The Young and the Restless na The Bold and the Beautiful, ambazo wasemao Kifaransa wanazijua zaidi kwa majina ya Les Feux de l'amour na Amour, gloire et beauté.

Idadi hiyo haitoshi kueleza uzito wa hasara. Tamthilia ya miaka hamsini haipotei kama filamu iliyokwisha kuonyeshwa. Mtazamaji aliirithi kwa mama yake au nyanya yake, akawajua wahusika tangu utoto wao, na akapanga saa zake za mchana kwa kuifuata. Ilipokatwa, walikatizwa desturi ya ukoo, na mara nyingi sababu waliyopewa ilikuwa ya mahesabu tu: kipindi cha mazungumzo au cha mashindano ya zawadi kilikuwa rahisi zaidi kugharimia. Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu iliyochanganyika na furaha katika mwaka 2024 ilikuwa ya watu wa namna hiyo.

Kuna jambo moja katika ratiba ambalo shabiki wa siku nyingi hangeweza kulipita. As the World Turns ilipoondolewa mwaka 2010, saa yake ilipewa The Talk, kipindi cha mazungumzo. The Talk nacho kikafungwa Desemba 2024, na saa hiyohiyo ikapewa Beyond the Gates, ambayo miongoni mwa watayarishaji wake imo tena Procter & Gamble, kampuni ya sabuni iliyomiliki As the World Turns. Kwa mgeni hayo ni mabadiliko ya ratiba tu. Kwa shabiki, ilikuwa kama shamba lililonyang'anywa likirudishwa kwa wenyewe baada ya miaka kumi na minne. Lakini aliyekwisha kunyang'anywa mara moja hujiuliza atalilima kwa misimu mingapi.

3. Orodha ya waigizaji kama nasaba

Ushahidi wa pili kwamba kungojea huku kulikuwa kusoma unapatikana katika jinsi majina ya waigizaji yalivyopokewa. Tamara Tunie, aliyepewa nafasi ya Anita Dupree, mama mkuu wa ukoo, alikuwa ameigiza kwa miaka mingi katika As the World Turns. Karla Mosley, anayeigiza binti yake Dani, alionekana katika miaka ya mwisho ya Guiding Light, kisha katika The Bold and the Beautiful. Daphnee Duplaix, anayeigiza Nicole, dada yake Dani, alipitia Passions na One Life to Live.

Kwa hiyo orodha ya waigizaji haikusomwa kama tangazo la ajira. Ilisomwa kama nasaba. Kila jina lilikuja na tamthilia iliyokwisha kufa, na kwa kuyaweka majina hayo katika nyumba moja watayarishaji walidai urithi mbele ya watazamaji: kwamba kazi mpya ilitoka katika ukoo uleule. Dai hilo halikutolewa kwa hoja yoyote, bali kwa sura zinazokumbukwa. Ni mbinu ya kifasihi kamili, nayo ilifanya kazi kabla ya neno la kwanza la mchezo kusemwa.

4. Uwakilishi hautoshi pasipo muda

Maelezo mengi yaliyotolewa hadharani kuhusu uzinduzi huu yalikaza jambo jingine. Beyond the Gates ilitokana na ushirikiano wa CBS na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi kilichoanzishwa mwaka 1909. Ilitangazwa kuwa tamthilia ya mchana ya kwanza ya saa nzima ambayo waigizaji wake wengi ni Weusi. Jambo hilo ni kubwa, wala halistahili kupuuzwa. Katika tamthilia nyingi zilizotangulia, mhusika Mweusi alikuwa rafiki, daktari au wakili wa wengine. Aliingia chumbani, akatoa shauri, akatoka, na nyumba yake mwenyewe haikuonyeshwa mara nyingi.

Hata hivyo, kusimama hapo ni kuwasikia mashabiki nusu. Ukoo wa Weusi ulikuwa umekwisha kuwekwa katikati mara moja, katika Generations ya NBC, iliyosimulia tangu siku yake ya kwanza habari za familia mbili za Chicago, moja ya Weusi na moja ya Weupe. Ilianza Machi 1989 ikakomeshwa Januari 1991, kabla ya kutimiza miaka miwili. Uwakilishi ilikuwa nao. Kilichokosekana kilikuwa muda, na katika utanzu huu muda ndio unaompa mhusika uzito. Mhusika asiyepewa miaka ya kukosea, kusamehewa, kuoa, kuzika na kukosea tena hubaki mgeni, hata kama jina lake limetangulia katika orodha. Michele Val Jean, mtunzi wa Beyond the Gates, alikuwa miongoni mwa waandishi wa Generations. Kwa wanaoijua historia hiyo, ahadi mpya ilikuwa pia deni la zamani.

5. Uzinduzi mbele ya kigezo

Basi tamthilia yenyewe ilijibuje? Inaonyesha mtaa wa kifahari wa Fairmont Crest, katika jimbo la Maryland, unaolindwa kwa malango. Ukoo unaotawala ni wa Vernon Dupree, seneta mstaafu aliyepigania haki za raia, na mkewe Anita, mwimbaji wa zamani. Kwa msingi huo ilikuwa rahisi kuunda nyumba ya watakatifu, ambamo kila mtu anatembea kwa adabu ili asiaibishe taifa lake. Hatari hiyo ilikwepwa mapema. Katika siku za mwanzo, Dani, aliyeachwa na mumewe kwa ajili ya mwanamke kijana aliyekuwa rafiki wa binti yao, aliingia katika harusi ya wawili hao akiwa na bastola. Tendo hilo ni la kupita kiasi, kama utanzu unavyotaka, nalo lina maana. Mhusika Mweusi alipewa ruhusa ya kuwa mpumbavu kwa mapenzi, ruhusa ambayo wahusika Weupe wa tamthilia hizi waliifurahia kwa miongo mingi.

Lakini haraka hiyo ina gharama yake. Msimulizi anayeogopa kwamba wasikilizaji wataondoka humwaga vitu vyote vya kapu lake siku ya kwanza. Harusi, bastola, siri ya uzazi na hila ya kulipiza kisasi zikikaribiana mno, tukio halipati nafasi ya kuwa kumbukumbu. Mashabiki walikuwa wamengojea polepole ile ya zamani, na mara kadhaa walipewa kasi ya mtu mwenye shaka na kesho yake. Hapo tamthilia ilionyesha kwamba nayo inaogopa kukatwa kama wao.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu lango lenyewe. Eva, binti aliyezaliwa na Ted, mumewe Nicole, nje ya ndoa, anaingia katika familia kwa siri kama msaidizi wa Nicole kazini. Mama yake, Leslie, ndiye anayesuka hila hiyo. Wawili hawa wanatoka nje ya mtaa, nao ndio wanaoletwa kama hatari. Matajiri wa ndani wana makosa, ila waliokosa huletwa kama tishio. Jina la tamthilia linaahidi kuvuka malango, lakini mara nyingi mtazamaji huwekwa upande wa walinzi. Ni kweli kwamba Eva amepewa aibu na mashaka yanayomfanya mtu kamili, na kwamba Leslie ana nguvu kuliko wengi wa waungwana anaowasumbua. Hata hivyo, nguvu ya mtu mbaya si sawa na haki ya kusikilizwa. Hadithi iliyongojewa na watu waliojua uchungu wa kufungiwa mlango ingeweza kuwa na huruma zaidi kwa wale walio nje.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba matarajio yaliyotangulia Beyond the Gates hayakuwa kelele za wanunuzi waliovutwa na matangazo. Yalikuwa na kumbukumbu, yaani tamthilia zilizokufa. Yalikuwa na mbinu, yaani kusoma orodha ya waigizaji kama nasaba. Na yalikuwa na kigezo, yaani muda. Kwa kigezo hicho uzinduzi ulifaulu katika kuwapa wahusika wake uhuru wa kukosea, ukapungukiwa katika subira na katika jinsi ulivyowatazama walioachwa nje ya lango.

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi na ya mfululizo, mfano huu unaonyesha kwamba itikio la hadhira laweza kuchunguzwa hata kabla ya hadithi kuanza. Anayeitikia "Pakawa" hajasema kwamba hadithi ni nzuri. Amesema kwamba amekaa, anasikiliza, na hatapenda msimulizi ainuke katikati ya kisa.