Kete ya Tiffin: jinsi Sharp Practice inavyompokonya kapteni saa yake

Ugonjwa wa zamani wa michezo ya vita ya mezani ni kwamba mchezaji anaona mno na anatiiwa mno. Anaitazama meza nzima kutoka juu, na kila askari aliyepakwa rangi huenda pale anapowekwa, muda uleule anaotakiwa. Katika vita vya enzi za Napoleon hakuna kapteni aliyepata raha hiyo. Moshi wa baruti ulimziba macho, tarumbeta ilimezwa na milio, na sajenti aliyekuwa hatua hamsini kushoto alifanya alichoona yeye kuwa sawa. Kanuni za Sharp Practice za Mwingereza Richard Clarke, zinazotolewa na TooFatLardies, zilikwenda moja kwa moja kwenye kidonda hiki. Toleo la pili, la mwaka 2016, ndilo ninalolichambua hapa.

Kipimo chake ni kidogo. Sanamu moja ni mtu mmoja, na wengi hutumia sanamu za milimita 28. Askari wa mstari huwa katika vikundi vya watu wanane, na wale wa kutawanyika mbele kurushiana risasi hukaa sita sita. Juu yao kuna viongozi wa daraja la I hadi IV. Daraja hilo ndilo idadi ya amri ambazo kiongozi anaweza kutoa anapopata nafasi: kuamuru kikundi kitende ni amri moja, kuwatuliza watu waliotaharuki ni nyingine.

Katika bao, ukishalala ni zamu ya mwenzio, na nyote mnalijua hilo. Hapa hakuna zamu. Kila kiongozi wa pande zote mbili ana kete yake mfukoni. Zimo pia kete za bendera, ambazo mchezaji huziweka akiba ili afanye jambo la ziada, na kete moja inayoitwa Tiffin. Kete huchomolewa moja moja bila kutazama. Inayotoka, mwenyewe anatenda. Ikitoka Tiffin duru imekwisha, kete zote zinarudi mfukoni, na kiongozi ambaye hakuitwa, imekula kwake.

Uzuri wote uko kwenye hesabu. Chukua luteni mmoja. Kete yake ama itaitangulia Tiffin ama itatoka nyuma yake, na hakuna sababu ya moja kuipita nyingine, kwa hiyo nafasi yake ni nusu kwa nusu. Mfukoni ziwemo kete kumi au ishirini, nusu hiyo haibadiliki. Ukiwa na viongozi wawili upande wa kushoto, nafasi ya kupata walau mmoja wao inapanda hadi theluthi mbili, na wakiwa watatu inafika robo tatu. Kiongozi wa pili anakuongezea moja ya sita, wa tatu moja ya kumi na mbili tu. Faida inapungua upesi.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Mpango unaotaka viongozi wawili watende ndani ya duru moja, huyu afyatue na yule avamie, unakubali mara moja katika tatu. Ukiwahitaji watatu, ni mara moja katika nne. Bendera zinaweza kuziba sehemu ya pengo, lakini nazo zinatoka katika mfuko uleule. Hakuna sharti lililoandikwa kwamba mipango tata ni marufuku. Mfuko wenyewe unaiadhibu, na mchezaji hujifunza haraka kupanga mambo mepesi, kama walivyofanya maofisa wenyewe.

Nimeupima utaratibu huu kwa pambano la kweli. Usiku wa tarehe 19 Machi 1810, Wafaransa wa Jenerali Ferey walivuka ghafla daraja la mto Águeda chini ya kijiji cha Barba del Puerco, Hispania, kijiji ambacho leo kinaitwa Puerto Seguro. Waliwazidi nguvu walinzi wa darajani, kisha wakaanza kuparamia genge lenye mawe. Waliokuwa juu ni kombania ya Kapteni Peter O'Hare wa Rejimenti ya 95 ya Uingereza, wenye sare za kijani na bunduki za Baker. Luteni Kanali Beckwith alifika na nyongeza, na Wafaransa wakarudishwa ng'ambo.

Mezani, swali zima ni moja: Beckwith atafika lini? Yuko nje ya meza mpaka kete yake itoke. Kila duru ana nusu, na uwezekano wa kupita duru tatu bila yeye kuonekana ni moja ya nane. O'Hare hana budi kupigana akijua hivyo. Je, awarudishe watu wake nyuma taratibu, au akae palepale akisubiri? Kanuni nyingi humpa mchezaji jibu tayari, kwamba nyongeza inaingia duru ya nne, na hapo wasiwasi wote unaisha.

Bunduki nazo zimeshughulikiwa vizuri, ingawa kwangu hilo ni la pili. Gobori la askari wa kawaida halikuwa la kutegemewa kumpata mtu mmoja aliye mita 100. Baker, iliyoanza kutumika mwaka 1800, ilikuwa na mifereji ndani ya mtutu, ikalenga mbali zaidi, lakini kuishindilia risasi kulichukua muda. Mfyatuo wa kwanza wa kikundi hupewa nguvu ya ziada, na ni haki, kwa sababu ule ulishindiliwa kwa utulivu kabla ya mapambano. Zaidi ya hapo, risasi huleta kiwewe kuliko vifo. Nukta za kiwewe hurundikana juu ya kikundi na kupunguza mwendo wake, na zikizidi kinavunjika. Kuziondoa kunataka amri ya kiongozi, kwa hiyo tunarudi mfukoni: kikundi kilichopigwa vibaya kinaweza kukaa na kiwewe chake duru mbili kwa sababu tu kete haijatoka.

Kasoro ninayoiona ni hii. Kete ya mkongwe wa daraja la III na ya kijana wa daraja la I zina nafasi sawa ya kutoka. Umahiri unaonekana baada ya kuitwa, ilhali ofisa mzuri alijulikana pia kwa kuwahi. Kumwongezea mkongwe kete ya pili kungempandisha hadi theluthi mbili, lakini kungempa pia fursa ya kutenda mara mbili katika duru moja, na hapo mizani ingeharibika. Mimi ningekubali kete ya pili kwa sharti kwamba ikitoka baada ya ile ya kwanza ihesabike bure.

Kwa mapambano ya kombania mbili tatu, sijaona kanuni zinazomfanya mchezaji afikiri kama kapteni kuliko hizi. Anayetaka kuonja asisubiri kununua sanamu. Kata vipande vya karatasi, andika majina ya viongozi wanne kila upande, ongeza Tiffin moja, tia vyote mfukoni, kisha jaribu kuwavusha watu wako darajani.