Redio Iliyofutwa Jaladani

Mwaka 1975 Kraftwerk, bendi ya roki ya elektroniki kutoka Düsseldorf, Ujerumani, ilitoa albamu iitwayo Radio-Activity, na kwa wanunuzi wa kwao Radio-Aktivität. Atakaye kuielewa na aanzie kwenye kistari. Neno hilo likiunganishwa, ni ile nguvu itokayo katika madini kama urani, isiyoonekana wala isiyonuka, ambayo kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa mionzi. Likikatwa kwa kistari, ni shughuli za redio: mtangazaji, mlingoti, hewa na sikio. Ralf Hütter na Florian Schneider, waasisi wa bendi, hawakuchagua upande. Nyimbo zote 12 zinatembea baina ya maana hizo mbili, na humo ndimo umo ushairi wake.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama papo hapo. Neno "mawimbi" humsaidia nusu ya safari, kwani ni la bahari na la redio vilevile, lakini halifiki kwenye urani. Hata hivyo albamu yenyewe imekwisha kumfundisha njia nyingine. Kraftwerk walipokuja kutoa Trans-Europe Express mwaka 1977, walirekodi toleo la Kijerumani na toleo la Kiingereza mbalimbali, kila msikilizaji akapewa lake. Hapa sivyo. Majina ya nyimbo hubadilika kwenye jalada, ila sauti ni ile ile, na Kijerumani na Kiingereza vimekaa katika rekodi moja. Tafsiri haikuja kulifukuza neno la asili. Imeketi ubavuni pake, na kila mmoja analazimika kuisikia lugha ya mwenziwe. Ni tafsiri ya namna adimu, na wafasiri wa mashairi wangeitazama kwa wivu.

Mwanzo wa albamu ni mapigo tu, ya kile chombo cha kupimia mionzi. Mapigo yanaanza polepole, yanaongezeka kasi, kisha, kabla msikilizaji hajatambua, yamegeuka kuwa ngoma ya wimbo unaofuata, wimbo uliobeba jina la albamu. Hatari imekuwa mdundo bila ya mtu kuitaja hatari. Ndani ya wimbo huo mna mlio wa simu ya upepo, zile nukta na mistari za Morse, na sauti ya Hütter isiyopanda wala kushuka. Katika "News" wasomaji wa habari wanasoma kwa Kijerumani juu ya vinu vya nyuklia, mmoja juu ya mwenziwe, mpaka maneno yanageuka kelele. Katika "Uranium" kuna kwaya isiyo na watu, sauti zilizochorwa kwenye sahani ya kinanda. Kwaya hiyo ndiyo waliyoichukua New Order wa Uingereza katika "Blue Monday" mwaka 1983. Si kila kipande kina uzito huo. "Transistor" ni fupi na hupita bila ya kuacha kitu.

Mwezi Februari wa mwaka huo huo wa 1975, wakulima na wanafunzi walikikalia kiwanja cha Wyhl, kusini ya Ujerumani, kuzuia kinu cha nyuklia kisijengwe, na hakikujengwa abadani. Kwa hivyo mada ilikuwa moto mikononi. Kraftwerk hawakusema ndiyo wala la. Walifumba.

Fumbo lenyewe lilianzia jaladani. Mbele ni uso wa redio nyeusi. Nyuma ni mgongo wake. Ni redio ya bei nafuu iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1938, ambayo wananchi waliipa jina la utani la kuifanya kinywa cha Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Redio halisi ilikuwa na nembo ya tai na msalaba wa Kinazi. Kwenye jalada nembo imefutwa. Kufuta huko kulikuwa kwa maana, kwani kila Mjerumani mtu mzima aliijua redio ile, na pengo la nembo lilimkumbusha zaidi kuliko nembo yenyewe. Jalada lilisema jambo ambalo hakuna wimbo unaolisema: kuwa mawimbi ya sauti nayo yanaweza kuua umma, pasi na urani.

Ndipo matoleo mapya yanapotia shaka. Mwaka 1991, katika albamu ya The Mix, Hütter aliurudia wimbo mkuu. Akaongeza majina ya Chernobyl, Harrisburg, Sellafield na Hiroshima, na neno la kuamuru kukoma. Mwaka 1992 bendi iliupiga mjini Manchester katika tamasha la Greenpeace la kuipinga Sellafield. Mwaka 2012 iliupiga Japani katika tamasha la kupinga nyuklia lililoandaliwa na mwanamuziki Ryuichi Sakamoto, ambaye alisaidia kuuvika maneno ya Kijapani. Fukushima ikaingia katika orodha, na imo katika rekodi za jukwaani za 3-D The Catalogue za mwaka 2017.

Ni haki kukiri kuwa baada ya Chernobyl ubaridi wa 1975 ungeweza kusikika kama sifa. Mtunzi aliyeona hivyo akarekebisha hakufanya dhambi. Lakini wimbo wa 1975 ulimwachia msikilizaji hofu aitafute mwenyewe. Wa 1991 unampa amri, na amri haihitaji kurudiwa kusikilizwa.

Wapenzi wa tenzi wanalijua tatizo hili. Miswada ya Al-Inkishafi haikubaliani katika idadi ya beti wala mpango wake, na mhariri hana budi kueleza kwa nini ameufuata huu akauacha ule. Huko aliyebadili ni mnakili, na mtunzi amekwisha kulala kaburini. Kwa Kraftwerk, mtunzi na mnakili ni mtu mmoja.

Lau mabadiliko yangebakia katika The Mix na jukwaani, pasingekuwa na lawama, maana pana nafasi ya nyimbo mbili. Mwaka 2009, mara tu baada ya Schneider kuiacha bendi, albamu 8 zilitolewa upya kwa jina la The Catalogue. Sauti za Radio-Activity zimesafishwa, zile za chini zimepata kifua, na maneno ya 1975 yameachwa kama yalivyokuwa. Jalada ndilo lililobadilishwa. Redio imeondolewa, na mahali pake ipo ile alama ya pembe tatu za kuonya mionzi, ibandikwayo milangoni mwa vyumba vya eksirei. Maana moja ya kistari imekufa. Kijana aliyeanzia toleo hili atadhani "Radio Stars" na "Antenna" zilipotea njia zikaingia katika albamu ya nyuklia.

Schneider alifariki mwaka 2020. Mwaka huo huo albamu ilitoka tena kwenye santuri ya rangi ya manjano, na redio haikurudi. Anayeitaka imwangalie usoni aitafute santuri ya zamani, akaigeuze na nyuma.