Fataki, Baruti na Maji ya Chumvi

Huku Bukundi, mtu aliyewahi kushika gobole anajua kwamba baruti ikilowa, safari imeishia hapo. Gobole hushindiliwa kwa mkono, na lina uvumilivu wake: baruti ikipungua, risasi hutoka kwa unyonge na kuanguka karibu, mwindaji akashindilia upya. Bunduki ya kijeshi haina uvumilivu huo. Ndiyo maana kazi iliyofanyika Moshi mwaka 1915 inanivutia kuliko Vita vya Kwanza vya Dunia vyenyewe. Risasi zilizokuwa zimelala chini ya bahari zilifumuliwa moja moja, zikakaushwa, zikafungwa tena.

Kisa kinaanzia Jasini, mpakani na Kenya, tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani waliwashinda Waingereza, lakini kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipopiga hesabu alikuta risasi 200,000 zimeteketea. Kwa akiba iliyobaki angemudu mapambano matatu tu ya aina hiyo. Ni kweli kwamba Tanga, Novemba 1914, aliteka risasi 600,000 za Waingereza, ila risasi ya bunduki ya Mwingereza haiingii katika Mauser. Askari wake wengi, tena, walikuwa bado wanabeba bunduki ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga.

Msaada ulikuja na meli Rubens, iliyosafiri kwa jina la kughushi, Kronborg, ikijifanya ya Denmark. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha Carl Christiansen aliipeleka kwenye maji mafupi na kuiachia izame. Mbao za juu ya sitaha ziliwaka, Waingereza wakaona moto, wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka. Maji yaliyoifunika shehena ndiyo yaliyoikinga na moto. Wapiga mbizi wakaanza kuzitoa bunduki na makasha ya risasi.

Tatizo likaonekana baadaye. Ganda la risasi limezibwa vizuri, lakini si chupa. Maji ya chumvi hupenya taratibu mahali pawili: shingoni, kichwa cha risasi kinapobanwa, na kitakoni, inapokaa fataki ya kuwashia baruti. Hata baada ya kutolewa majini risasi ziliendelea kuharibika, na zilizogoma zikawa nyingi zaidi kila siku. Uamuzi ukawa mgumu lakini sahihi: zote zifumuliwe.

Karakana za Moshi, wakati huo mwisho wa reli itokayo Tanga, zikafanya kazi hiyo siku nenda siku rudi. Kichwa kinang'olewa, baruti inamiminwa na kukaushwa, ganda linasafishwa, na pale fataki ilipokufa inawekwa nyingine. Fataki zilipatikana humu humu nchini, ingawa za aina tofauti. Kisha kila kitu kinarudishwa mahali pake.

Hapa ndipo penye hatari ambayo mtu wa gobole haioni. Risasi ya Mauser ya 1898 ilikuwa na kichwa cha gramu 10 hivi, kilichotoka mtutuni kwa zaidi ya mita 850 kwa sekunde. Baruti yake isiyo na moshi inataka mwako wa ghafla na shinikizo kubwa ndipo iungue yote. Fataki ikiwa dhaifu, au baruti ikibaki na unyevu, mambo matatu yanaweza kutokea. Risasi inagoma kabisa, na huo ndio msiba mdogo: askari anavuta komeo, anaitupa, anaendelea. Au inachelewa, na kulipuka mtu akiwa tayari anafungua komeo. Au inawaka nusu, kichwa kinasukumwa kidogo na kukwama katikati ya mtutu. Askari asipogundua, risasi inayofuata inakuta njia imezibwa, na mtutu unapasuka mkononi mwake. Risasi iliyopungukiwa nguvu inaweza kumdhuru mwenye bunduki kuliko ile iliyokufa kabisa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ufundi mkubwa wa Moshi haukuwa kufumua na kufunga. Ulikuwa kuchambua. Risasi zilizofungwa upya hazikutendewa kama mali moja. Zilipangwa kwa madaraja kulingana na zinavyogoma, na zile mbaya zikatengwa kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Sababu ni ya kiufundi hasa: si kila silaha inavumilia risasi mbovu kwa kiasi kimoja. Bombomu ya Maxim hujiendesha kwa nguvu ya msukumo wa nyuma wa risasi yenyewe. Ipe risasi dhaifu, haitarudi nyuma kiasi cha kutosha kujipakia. Ipe moja iliyogoma, mshipi wote unasimama mpaka mpigaji aitoe kwa mkono, huku adui anasogea. Bunduki ya komeo huendeshwa na mkono wa askari, hivyo inasamehe risasi iliyogoma. Anayejua tofauti hiyo hawezi kuzigawa risasi kama mahindi ya msaada.

Nyuma ya meza za karakana walikuwapo wapagazi, ambao bila migongo na vichwa vyao hakuna kasha lililofika relini. Vita vilipoendelea, mzigo huo uliwaua wengi wa aina yao kwa njaa na maradhi, pande zote mbili, na sioni haki kusifu ufundi wa Moshi bila kuwataja.

Lettow-Vorbeck aliposalimisha majeshi yake Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mikononi mwa watu wake kulikuwa na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Risasi zilizobaki zilikuwa 208,000, karibu sawa na zile zilizokwisha Jasini kwa siku mbili.