Msitu au Mahame? Nyumba na Miti katika Walden ya Thoreau

Katika miaka ya 1980, mji mdogo wa Concord katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulikabiliwa na mipango miwili ya ujenzi ndani ya msitu wa Walden: jengo la ofisi katika kilima cha Brister, na nyumba za kuishi katika kilima cha Bear Garden. Mnamo 1990 mwanamuziki Don Henley aliunda shirika la Walden Woods Project. Fedha zilichangwa, viwanja vyote viwili vikanunuliwa, na ujenzi haukufanyika. Hoja iliyowavuta wachangaji ilikuwa ya kifasihi hasa: hapo ndipo alipoishi Henry David Thoreau, mwandishi wa Walden (1854). Ni nadra kitabu kuitwa kuwa shahidi wa msitu. Yafaa basi ushahidi wenyewe usomwe upya.

Jambo la kwanza linalomkabili msomaji ni kwamba kitabu hiki kinaanza kwa ujenzi. Sura ya kwanza, iliyo ndefu kuliko zote, inaeleza jinsi msimulizi alivyokata misonobari, akanunua kibanda cha Mwairishi mfanyakazi wa reli ili apate mbao, na akajenga nyumba kwa dola 28 na senti 12 na nusu. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson. Reli ilikwisha kupita kando ya ziwa, na wakata kuni hawakuwa mbali. Anayekitafuta humu kile kiitwacho msitu usioguswa hatakipata; hata msimulizi analalamika kwamba tangu aondoke, mashoka yamezidi kuziharibu kingo za ziwa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo limo katika sura inayohusu wakazi wa zamani na wageni wa majira ya baridi. Humo wanatajwa Cato Ingraham, aliyekuwa mtumwa. Zilpha, mwanamke Mweusi aliyesokota kitani na ambaye nyumba yake ilichomwa na askari wa Kiingereza katika vita vya 1812. Na Brister Freeman, mtumwa wa zamani, ambaye miti yake ya matufaha ilikuwa ingali ikizaa. Pia kuna mfinyanzi na Mwairishi mlevi. Kilichosalia ni mashimo ya ghala zilizokuwa chini ya nyumba, na ua lililopandwa na watoto mlangoni, likiendelea kuchanua baada ya mlango kutoweka. Kiswahili kina neno la mahali kama hapa: mahame. Msitu ni mahali pa miti. Mahame ni mahali palipohamwa, na neno lenyewe linadai kuulizwa nani alihama na kwa nini.

Thoreau analiuliza swali hilo, na hiyo ni sifa yake. Mbona kijiji hiki kilikufa ilhali Concord ilidumu? Lakini jibu lake linateleza. Anataja maji na manufaa ya mahali, kisha anawaza kwamba huenda maumbile yatajaribu tena, yeye akiwa mlowezi wa kwanza. Elise Lemire, katika Black Walden (2009), anaonyesha kilichorukwa: watumwa walioachwa huru waliishi hapo kwa sababu ardhi ilikuwa duni, isiyotamaniwa na wenye mji. Upweke ambao msimulizi aliuchagua, wao walisukumiwa.

Kwa mtazamo huu, shajara ya Thoreau ya tarehe 15 Oktoba 1859 inasomeka kwa namna nyingine. Anapendekeza kila mji utenge ekari 500 au 1000 za msitu zisizokatwa kuni, ziwe mali ya umma daima, na anasikitika kwamba Walden yote ingaliweza kuhifadhiwa hivyo. Pendekezo ni la busara, na wahifadhi wana haki ya kulishika. Ila wakazi wale, aliowapa sehemu ya sura miaka mitano kabla, hawamo ndani yake. Kutokuwamo huko kulijirudia miaka ya 1980, kwani baadhi ya nyumba zilizopangwa Bear Garden zilikusudiwa watu wa kipato kidogo. Mtetezi wa miti alijikuta akishindana na mhitaji wa makazi, huku kilima cha pili kilichookolewa kikiwa na jina la mtumwa wa zamani aliyejenga hapo kwa kukosa pengine.