Tochi ya Fundi

Mpwa wangu alipofunga kadi mpya ya grafiki kwenye kompyuta yetu ya 2011, ile tunayohariria video za harusi, tulidhani itapaa. Ikawa inajikokota, picha zinakatakata, afadhali ya jana. Tulikoinunua kadi walikuwa na jibu moja tu: mashine imezeeka, nunueni nyingine.

Nikaibeba hadi Kariakoo, kwa mzee ambaye meza yake imebanwa na wauza kava za simu.

Hakuiwasha. Alifungua ubavu, akainama, akanusa. Ndiyo, akanusa, kapasita iliyoungua ina harufu yake. Kisha akachomoa RAM na kuisugua meno kwa kifutio cha shule, polepole, akipuliza chengachenga. Huku anasugua, akauliza: “Mmebadilisha nini, mwanangu? Na kabla ya hapo ilikuwaje?” Kule dukani hakuna aliyetuuliza.

Sloti za kadi zilikuwa mbili, urefu mmoja. Mpwa wangu alichagua ya chini kwa kuwa ya juu ilizongwa na kebo za diski. Mzee alichomoa kadi, akamulika tochi ya simu ndani ya sloti ile, akaniita nichungulie. Meno ya shaba yalianza vizuri, yakafika kama theluthi, yakakoma. Kwingine plastiki tupu. Njia 4 za data badala ya 16, na kwa bodi ya umri ule kila njia hupitisha kama megabaiti 500 kwa sekunde. “Mlango wa ukumbi, ujia wa kuku,” akasema.

Akazikusanya kebo, akazifunga kwa uzi wa cherehani, nadhifu kama ukili. Akasoma kibandiko cha pawa saplai, maana sloti yenyewe haitoi zaidi ya wati 75, akachomeka na waya wa pini 6. Ndipo akaiketisha kadi juu.

Video ikatiririka. Mzee hakujisifu. “Prosesa ni ile ile. Mmemnunulia mpishi mzee jiko kubwa, msimkimbize.”

Zamani alikuwa na vijana wawili wa kumshikia bisibisi. Mashine nyingi za siku hizi RAM imechomelewa bodini. Kijana atafungua ajifunze nini? Mmoja wao yuko meza ya pili, anauza kava. Kiti chake mzee hajakitoa, amekiwekea feni.