Jicho Moja la Daktari Burkitt

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari aitwaye Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yamelegea, uso umepinda. Mpasuaji, Denis Burkitt, alitazama, akapiga picha, akaondoka bila jibu. Kama ni usaha, vipi uanze pembe nne za mdomo kwa mpigo? Kama ni saratani, nayo haina desturi hiyo.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akizunguka wodi. Akatupa jicho nje ya dirisha. Nyasini ameketi mama na mtoto wake, na uso wa mtoto ni ule ule wa Mulago. Mmoja angeweza kuwa ajabu ya Mungu. Wawili ni jambo lenye mahali pake na sababu yake. Burkitt alitoka mbio kwenda kumpima. Tumboni pia mlikuwa na uvimbe.

Nimesema alitupa jicho, na si kwa namna ya kusema tu, maana alikuwa nalo moja. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa na miaka 11 jiwe lilivunja miwani yake, jicho likaenda. Maombi yake ya mwanzo ya kazi ya udaktari Afrika yalikataliwa kwa sababu ya kilema hicho.

Hakuwa wa kwanza kuuona uvimbe ule. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za wagonjwa wa namna hiyo katika majalada yake, miongo mingi kabla. Na akina mama, bila shaka, waliujua kabla ya daktari yeyote. Alichoongeza Burkitt ni swali ambalo lingemfaa zaidi karani wa forodha: huyu ametoka wapi? Alilirithi nyumbani. Baba yake, mpimaji wa wilaya, alikuwa akiwavisha ndege pete za miguuni ili ajue kila mmoja anamiliki kipande gani cha bustani. Mwana naye, alipokuwa Lira, kaskazini mwa Uganda, baada ya Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba busha linawaandama watu wa mashariki ya wilaya kuliko wa magharibi, akachora ramani.

Basi akachora nyingine. Aliandika barua kwa hospitali za Afrika, akaambatanisha picha na kuuliza: mmewahi kuona hiki? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, yalifanya mkanda mpana katikati ya bara, na upande wa mashariki ukashuka kusini kama mkia. Ukingo wake uko wapi, barua hazikutosha kusema.

Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari la Ford lililonunuliwa mkononi kwa pauni 250. Walisafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali zipatazo 60. Utafiti wenyewe ulikuwa albamu ya picha. Inafunguliwa mezani, chai inamiminwa, daktari wa kijijini anakunja uso na kukumbuka. Pale asiyekumbuka kitu, safari haikuwa imepotea, kwa kuwa ramani haina ukingo bila hospitali zinazosema "hapana". Karibu na ikweta uvimbe ulikoma kwenye miinuko ya futi 5,000 hivi, na kila walivyozidi kusini kikomo kilizidi kushuka. Joto na mvua, basi. Penye joto na mvua pana mbu, na kutoka kwa mbu watafiti wakafika kwenye malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hadi kinga yake inachoka.

Nusu ya pili ya jibu ilitoka London, kwa mtafiti Tony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia Machi 1961 na kuanza kupokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili alitafuta kirusi ndani yake, hakupata kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege isitue London, ikapelekwa Manchester, na kichupa kikafika jioni maji yake yamevurugika. Mtu mwenye haraka angesema kimeoza, akakitupa. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini: hapakuwa na bakteria, bali seli hai za uvimbe zikielea. Ziliota, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walionyesha kirusi ndani yake.

Kwa Burkitt, cha maana zaidi kilikuwa wodini. Kampala haikuwa na mashine za mionzi, akajaribu dawa za saratani, na baadhi ya watoto uvimbe wao uliyeyuka kwa dozi chache tu.

Uzeeni aligeukia nyuzinyuzi za chakula na kinyesi. Alikuwa akipiga picha za vinyesi vya watu porini, akawaonyesha madaktari wa Ulaya na Marekani kwenye skrini kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliwauliza kinyesi chao chazama au chaelea, na ukumbi mzima wa mabingwa, watu waliojua kila kipimo cha maabara, wakatazamana: hakuna aliyewahi kuangalia.